Baba kapanga miji 10 ya Ulaya, binti kasema haendi

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku wenzangu wakiwa wamelala, maana mchana kila nikianza kuandika jambo hili mtu anaingia jikoni.

Mimi na mume wangu tuna watoto wawili. Binti ana miaka 16, mdogo wake wa kiume ana 13. Miaka 6 sasa baba yao amekuwa akiweka akiba kidogo kidogo ili twende Ulaya sote wanne kabla binti hajamaliza shule na kuondoka nyumbani. Mwaka huu fedha imetimia. Tunataka kufika tarehe 15 Juni na kuondoka tarehe 7 Julai, yaani siku 23. Imebaki miezi mitatu.

Shida ilianza na jedwali. Mume wangu ni mtu wa mipango, na bila mipango yake tusingefika hapa, kwa hiyo simlaumu. Alichapa karatasi mbili, akaziunga kwa selotepu na kuzibandika kwenye mlango wa friji: London siku 3, Paris 3, Brussels 1, Amsterdam 2, Berlin 2, Prague 2, Vienna 2, Venice 2, Florence 2, Roma 3. Kila mji una rangi yake. Kila siku ina saa yake ya kuamka, na nyingi ni saa kumi na mbili asubuhi.

Binti aliisoma akiwa amesimama, glasi ya maji mkononi. Akauliza, "Baba, siku ya kulala ni ipi?" Baba yake akacheka, akamwambia atalala akirudi. Hakujibu. Usiku ule alinifuata chumbani akaniambia, "Mama, nyie nendeni. Mimi nitabaki kwa bibi. Mnanibeba kama begi tu." Hizi ni wiki tatu sasa hajagusia tena safari. Tukiitaja mezani, anainuka na sahani yake.

Baba yake ameumia, Shangazi. Kwake huo ni ukosefu wa shukrani, na amesema mtoto atapanda ndege atake asitake. Mimi nimekuwa mjumbe, natoa maneno chumba hiki napeleka kile.

Mdogo wake hana tatizo. Ukimuuliza lolote anasema "sawa tu". Dunia yake ni baiskeli, anaifungua yote na kuifunga upya kila mwisho wa juma. Dada yake ni mshonaji, ana daftari zima la michoro ya nguo.

Naomba unisaidie mambo mawili. Nimlazimishe binti au nimwache kwa bibi yake? Na huu mpango wa baba yao, kwa macho yako wewe uliyekwisha kusafiri na watoto, unawezekana? Viza hatujaomba, tiketi hatujakata. Kilichofanyika ni hoteli ya Paris tu, baba yao ameweka nafasi ya chumba kimoja cha watu wanne.

Sitaki tulichokisubiri miaka 6 kiwe ugomvi wa wiki tatu.

Ni mimi, Mama Niliye Katikati

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa huo ujumbe wa chumba hadi chumba. Najua unavyochosha.

Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara nasimama palepale: mtoto yuko mbele ya friji, glasi mkononi, anauliza siku ya kulala ni ipi. Asiyetaka kwenda haulizi hivyo. Aliyeuliza hivyo alikuwa amekwisha kujiingiza safarini, anatafuta mahali pake kwenye ile karatasi, asipaone. Anachokataa ni kubebwa. Amekwambia kwa maneno yake mwenyewe, nami ningeyapokea kama alivyoyasema.

Basi swali lako la kwanza nalijibu hivi: usimlazimishe, na usimwache kwa bibi yake. Mpeni siku. Sisemi mumuulize maoni, maana maoni mtoto huyatoa na mkubwa akaendelea na lake. Nasema siku nzima zenye tarehe, ambazo mwenye uamuzi ni yeye: mtaamka saa ngapi, mtakwenda wapi, mtakula nini, fedha ya siku itatumikaje, na nyinyi wazazi mtafuata nyuma. Ila katika jedwali lile siku za namna hiyo huzipati, kila saa imekwisha kuchukuliwa. Ndiyo maana inabidi tulishughulikie jedwali kwanza.

Miji 10 ni kuhama mara 9. Kwenye karatasi kuhama kunaonekana kama saa tatu za treni. Hebu hesabu yote: kufunga mabegi manne, kurudisha funguo asubuhi, kuwahi stesheni, safari yenyewe, kuitafuta nyumba katika mtaa msioujua, kisha kungoja hadi alasiri ndipo mpokelewe. Nusu siku imekwenda, kama si zaidi. Zidisha mara 9 upate siku nne na nusu ambazo mume wako amezilipia na hamtaona chochote ila mabegi yenu. Hiyo Brussels ya siku 1 mtafungua mabegi kutoa miswaki tu, kesho yake mnafunga.

Najua ninachokisema kwa sababu nililifanya kosa hilo na wanangu watatu. Tulikuwa Milan, stesheni kuu, ile yenye dari kubwa la chuma na vioo. Ulikuwa mji wa tano ndani ya siku 8. Mwanangu wa kati, miaka 14 wakati ule, alifika nusu ya jukwaa akalaza begi lake chini, akalikalia. Treni ya Venice imefungua milango. Nikamwambia inuka. Akajibu taratibu, bila kelele wala kiburi, "Mama, mimi sitembei tena." Ndipo nilipoiona mikono yake. Gurudumu la begi lake lilikuwa limevunjika siku mbili kabla, alikuwa akilibeba, na mpini ulimchubua viganja vyote viwili. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona. Treni ikaondoka. Iliyofuata yenye nafasi ilikuwa baada ya saa mbili, tukakaa sakafuni tukala mkate na jibini, nikamfunga leso kiganjani, naye akaanza kunisimulia mambo ya shule yao ambayo nilikuwa sijawahi kuyasikia. Leo ni mtu mzima. Ukimuuliza habari za Ulaya anaanza na sakafu ile.

Sasa hiyo saa kumi na mbili asubuhi. Hapa mweleze mume wako kwa upole, maana wazazi wengi hudhani ni uvivu. Katika umri huu saa ya mwili husogea. Homoni ya usingizi, melatonini, huanza kutoka usiku zaidi kuliko kwa mtoto mdogo au kwa mtu mzima, na bado mwili unadai saa 8 hadi 10 za kulala. Ukimwamsha alfajiri kwa wiki tatu, utamtembeza mtu mwenye deni la usingizi linaloongezeka kila siku, halafu utashangaa kwa nini kanuna mbele ya mnara wa Eiffel. Wekeni jambo kubwa moja kwa siku, lianze saa tano asubuhi. Alfajiri iwe yenu wawili. Tokeni mtembee miji ikiwa bado mitupu, mnywe kahawa mkishikana mikono, mrudi na mkate wa moto watoto wakiwa wanaamka.

Mwisho wa siku hamtapoteza kitu, kwa sababu mwezi Juni jua la Paris linazama karibu saa nne usiku. Makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, lakini Jumatano na Ijumaa huwa wazi hadi saa tatu usiku. Nendeni mojawapo ya jioni hizo, makundi ya watalii yakiwa yamekwisha kwenda kula. Makumbusho ya Orsay, ya Paris pia, hufungwa Jumatatu, na Alhamisi nayo huchelewa kufungwa. Tena walio chini ya miaka 18 wanaingia bure Louvre, Orsay, Rijksmuseum ya Amsterdam, na makumbusho ya serikali ya Italia kama Uffizi ya Florence na Colosseum ya Roma. Watoto wenu wote wawili wamo. Ila bure haiondoi haja ya kuweka nafasi, nao wakatieni tiketi yao ya sifuri yenye saa ileile ya kwenu. Nyinyi wawili jiandaeni, maana tangu Januari 2026 mtu mzima anayetoka nje ya Ulaya analipa euro 32 Louvre.

Ningekuwa mimi ningepanga hivi: Amsterdam usiku 5, Paris 6, Milan 1 wa kupumzisha miguu njiani, Florence 5, Roma 5. Jumla usiku 22, ndizo mlizo nazo. Mnahama mara 4. Ndege iwashushe Amsterdam na kuwachukua Roma. Tiketi za hivyo zinapatikana, tafuteni kwenye sehemu ya safari za miji mbalimbali, msije mkavuka tena Ulaya nzima kwa ajili ya kufuata ndege. Amsterdam hadi Paris kwa treni ya kasi ni saa tatu na dakika ishirini hivi. Paris hadi Milan ndiyo ndefu, kama saa 7, na inapita milima ya Alps. Mkalisheni kijana dirishani. Kutoka Milan hadi Florence ni saa mbili hivi, Florence hadi Roma saa moja na nusu. Kwa safari nne tu sioni haja ya kununua pasi ya treni ya Eurail. Kwenye treni za kasi za Ufaransa na Italia mwenye pasi bado anatakiwa kulipia nafasi ya kiti, na tiketi za kawaida zikikatwa mapema ni nafuu zaidi.

London naitoa, na najua itamuuma mtu. Uingereza haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo kila mmoja wenu angehitaji viza ya pili, fomu nyingine, ada nyingine, miadi mingine ya alama za vidole. Maombi 8 badala ya 4, kwa ajili ya siku 3. Berlin, Prague na Vienna nimezitoa kwa sababu ya umbali tu. Ni miji mizuri na inastahili safari yake.

Kwa kuwa viza hamjaomba, zingatieni jambo ambalo familia nyingi hukosea. Viza ya Schengen haiombwi nchi mtakayoingilia. Inaombwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Kwa mpango huu Italia ina usiku 11, Ufaransa 6, Uholanzi 5, basi ombeni Italia hata kama mtatua Amsterdam. Siku zikilingana ndipo huangaliwa nchi ya kuingilia. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Kwa kawaida jibu huchukua siku 15 na linaweza kufika 45, na ukiongeza kungoja miadi mtaona miezi mitatu si mingi. Anzeni wiki hii. Ada ni euro 90 kwa mtu tangu Juni 2024. Nusu yake ni kwa watoto wa miaka 6 hadi kabla ya 12, kwa hiyo hata kijana wenu analipa kamili: euro 360 kwa wanne, bila gharama za kituo kinachopokea maombi. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000 kwa kila mmoja. Pasipoti ziwe na uhai wa miezi mitatu zaidi ya siku ya kutoka, kurasa mbili tupu, na ziwe zimetolewa ndani ya miaka 10. Kwa watoto, wazazi wote wawili mtatia saini. Na mpaka viza zitoke, wekeni nafasi zinazoweza kufutwa bila kupoteza fedha.

Sasa siku zenyewe. Katika 23, kufika, kuondoka na kuhama mara 4 kunachukua 6. Zinabaki 17. Kila mmoja wenu apewe 3 zenye jina lake, ziwe 12. Tano zilizobaki ziandikwe "kulala", kwa herufi kubwa, palepale kwenye mlango wa friji. Hilo ndilo jibu ambalo binti alikuwa akilisubiri.

Mpe siku zake pamoja na fedha yake. Tuseme euro 150 kwa wanne, chakula na nauli ndani yake. Mkabidhi mkononi asubuhi na umwache ahesabu. Usimchagulie, lakini unaweza kumtajia mambo mawili matatu kisha unyamaze. Pale Paris, chini ya kilima cha Montmartre, kuna Marché Saint-Pierre, jengo la ghorofa kadhaa lililojaa vitambaa vya kukata kwa mita, na maduka ya vitambaa yamelizunguka mtaa mzima. Mshonaji wa miaka 16 akiingia pale utamtafuta. Florence kuna makumbusho ya mavazi ndani ya jumba la Pitti, na treni ya chini ya nusu saa itawafikisha Prato, mji ulioishi kwa nguo karne nyingi, wenye makumbusho ya vitambaa ndani ya kiwanda cha zamani. Jedwali la baba lisingefika Prato kamwe. Na kwa tarehe zenu mtakuwa Paris usiku wa Juni 21, ambapo tangu 1982 Ufaransa yote hutoka na ala zake barabarani, muziki kila kona na hakuna kiingilio. Usiku huo usimwekee saa ya kulala.

Kijana hukuniuliza habari zake, lakini yeye ndiye anayenitia wasiwasi. "Sawa tu" ya miaka 13 si ridhaa. Mara nyingi ni mtoto aliyeona dada yake akizungumza na matokeo yake, akaona heri anyamaze. Naye apewe siku 3 sawasawa na wakubwa, na usikubali "sawa tu" kuwa jibu. Kaa naye chini wakati ana spana mkononi, hapo atasema. Mwoneshe picha za maegesho ya baiskeli chini ya stesheni ya Utrecht, dakika chini ya 30 kutoka Amsterdam: nafasi 12,500, makubwa kuliko yote duniani, ghorofa tatu ambazo watu hupita humo wakiwa juu ya baiskeli. Mji huohuo una makumbusho ya reli ndani ya stesheni ya kale ya Maliebaan. Mkikodi baiskeli Amsterdam, siku ya kwanza jifunzieni bustanini, sio katikati ya mji. Wenyeji wanakwenda mbio, hawana subira na anayesimama ghafla, na gurudumu jembamba likiingia kwenye reli ya tramu linakuangusha.

Chumba kimoja cha watu wanne, mwanangu, kifuteni leo. Msichana wa 16 na mvulana wa 13 kulala chumba kimoja na wazazi wao usiku 22, kubadilisha nguo kwa zamu bafuni, hiyo peke yake inatosha kuvunja safari. Tafuteni fleti za vyumba viwili au zaidi na sebule, binti awe na mlango wa kufunga. Kabla ya kulipa angalieni mambo matatu. Kwanza vitanda halisi ni vingapi, maana "hulaza watu wanne" mara nyingi huwa kitanda kimoja na kochi. Kisha kama kuna lifti, kwa sababu majengo ya zamani ya Paris na Florence mengi yana ngazi tu. Na mashine ya kufulia. Ikiwepo, kila mmoja anabeba nguo za wiki moja na begi analoweza kulipandisha ngazi mwenyewe. Usisahau magurudumu, yakague kabla hamjaondoka.

Wapeni pia saa za kuwa bila nyinyi. Muda wa saa mbili wakati wa alasiri, wawili pamoja, katika mtaa mliokwisha kuutembea wote. Laini ya simu mtakayonunua Amsterdam itafanya kazi Ufaransa na Italia pia bila ada ya ziada ya kuvuka mpaka, ndiyo kanuni ya Umoja wa Ulaya tangu 2017, hivyo mtafikiana. Simu iwe na chaji, anwani ya nyumba iandikwe kwenye karatasi mfukoni, mahali pa kukutana pawe palepale siku zote, na wote waijue namba 112, ya dharura katika nchi zote tatu. Waambie wazi kuhusu wezi wa mifukoni kwenye treni za chini ya ardhi za Paris na mabasi ya Roma: simu haikai mfuko wa nyuma, wala haishikwi ovyo karibu na mlango unaotaka kufungwa. Tiketi au kadi ya metro ya Paris iwe mkononi hadi mtakapotoka nje, kuna wakaguzi na faini. Ukiona moyo unakudunda, kumbuka baada ya miaka miwili binti huyu atakuwa anakata tiketi zake mwenyewe. Afadhali mara ya kwanza awe karibu, na mdogo wake pembeni.

Roma itakuwa na joto mwanzoni mwa Julai. Kila mtu abebe chupa, mji una visima vidogo vya chuma vya maji ya kunywa, zaidi ya 2,000, vinavyotiririka barabarani bure. Tiketi za Colosseum zina majina, kwa hiyo pasipoti ziwe nanyi mlangoni, na makumbusho ya Vatican yapangeni siku isiyo Jumapili.

Sasa mume wako. Usiende kwake na orodha ya makosa yake. Mtu aliyejinyima miaka 6 ukimkosoa jedwali anasikia umemkosoa miaka yote sita. Kaa naye jioni moja watoto wasipokuwepo, umuulize swali moja: katika miji hii 10, ni upi ambao usipouona utalia? Mwache afikiri. Kuna picha moja ndani ya kichwa chake iliyomfanya aanze kuweka akiba, yeye na watoto wake wamesimama mahali fulani. Ijue ni wapi. Ikiwa ni Roma, hizo ni siku zake 3 na hakuna anayezigusa, binti atafuata kama yeye atakavyofuata Prato. Ikiwa ni Vienna au London, mpango wangu wote huu ubomoeni mjenge mwingine kuuzunguka mji huo, mradi msihame zaidi ya mara 4. Na ile kauli ya "atake asitake" aiondoe yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, sio wewe ukampelekee. Amwambie binti, "Uliniuliza swali nikacheka. Niulize tena." Kazi ya ujumbe iishie hapo.

Na wewe? Nimesoma barua nzima, nimemjua baba anataka nini, binti anapenda nini, kijana anafungua nini kila mwisho wa juma. Unachotaka wewe hukukiandika popote. Una siku 3, mwanangu. Ziandike kabla hujalala leo, na usizifanye siku za kufua.

Jambo la mwisho lina tarehe. Amsterdam ipo nyumba ya Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara akijificha na Wanazi, aliyeingia mafichoni pamoja na familia yake Julai 1942, akiwa na miaka 13, umri wa kijana wenu. Tiketi zake haziuzwi mlangoni, ni kwa mtandao tu, na kila Jumanne hufunguliwa za wiki sita mbele. Kwa nyinyi mnaofika Juni 15 hiyo ni mwanzoni mwa Mei, na huisha haraka sana. Kama binti ataichagua iwe katika siku zake, Jumanne hiyo mpe kompyuta na kadi ya benki, ukae pembeni yake, na akate yeye zote nne.

Shangazi